Wesley na Boila ya Malaz

Nikisema Wesley Kirui ni mtu mzuri, sitaki nieleweke vibaya. Ni mtu mzuri, na ni mtu wa kukutia wazimu. Tumekaa chumba kimoja hapa Bani Malik, Jeddah, tangu mkataba wetu wa kwanza, na sijamjua mwingine anayeweza kukuchemshia chai alfajiri kisha akakukasirisha kabla hujaimaliza.

Ikama yake, kile kibali cha ukaazi, inasema ni mtunza bustani, na hajawahi kumwagilia ua hata moja. Yangu inasema dereva, na hiyo angalau ni kweli. Kafili wetu, yaani mwajiri anayetudhamini, ni mmoja, Abu Hattan, mzee wa Jeddah anayenunua nyumba kuukuu, akazikarabati na kuziuza tena. Mimi naendesha pikapu. Wesley ndiye anayeingia ndani ya nyumba na kusema inafaa au haifai. Na kwa kuwa ikama zetu ni za wafanyakazi wa nyumbani, hakuna kati yetu anayetoka nchi hii, hata kwa likizo, mpaka mzee aridhie.

Kwa nyumba za Jeddah, Wesley hana mpinzani. Anagonga ukuta kwa ufunguo na kusikiliza, anaonja chokaa kwa ncha ya ulimi kujua kama chumvi imeshapanda, anafunua mashimo ya maji machafu bila kukunja uso. Abu Hattan alikuwa hatoi arbuni kabla Wesley hajatoka bafuni na kuitikia kwa kichwa. Mimi hukaa ndani ya gari na kungoja, na sioni haya kusema hivyo.

Kabla ya kuja huku alikuwa fundi wa boila kwenye kiwanda cha majani ya chai, kwao Kericho. Huko kwao ni baridi tupu, na boila ndiyo moyo wa kiwanda: ikizimika, majani yanaoza na meneja anapiga kelele. Wesley ameilisha ile mashine kuni, na mafuta mazito kuni zikilowa, miaka mingi ya ujana wake. Akianza kuisimulia, weka chakula mezani ule taratibu, maana hamalizi.

Mwaka jana alikuwa na jambo moja tu kichwani. Mwanawe Elly alikuwa anaingia jandoni shule zikifungwa mwisho wa mwaka. Kwao baba ndiye anayemshika kijana mkono na kumkabidhi kwa walezi wa jando. Kijana akishaingia kule hakuna simu wala kuonana mpaka atoke akiwa mtu mzima. Wesley aliondoka nyumbani Elly akiwa bado anabebwa mgongoni. Kila kitu alichomfanyia yule mtoto tangu hapo kilipitia kwenye simu, na hili halipiti kwenye simu. Aliniambia hivyo mwenyewe, na nilimwelewa, maana mimi pia nina watoto kwetu Kisauni.

Alipomwomba Abu Hattan likizo, mzee alikuwa ameshapata wazo la kwenda kujaribu bahati Riyadh, ambako nyumba kuukuu zilikuwa zinachangamkiwa. Akamwambia kwa kile Kiarabu cha mkato anachotumia na sisi, "Nyumba ya Riyadh ikiuzwa, wewe safari. Kabla ya hapo, mafi, hakuna."

Basi tukaenda Riyadh mwisho wa kiangazi, mzee kwa ndege, sisi kwa pikapu. Nyumba ilikuwa Malaz, mtaa wa zamani wenye miti mikubwa na vichochoro vyembamba. Ilikuwa imefungwa tangu mwenyewe afariki, na warithi walitaka kuiondoa mikononi. Mifereji ilikuwa mizima, kuta kavu, paa halivuji. Nikajisemea, hii kazi ya wiki chache, Wesley anawahi kwao na nafasi inabaki.

Halafu dalali akafungua mlango wa chuma nyuma ya jiko.

Ndani kulikuwa na boila. Mwenye nyumba wa kwanza aliwahi kufanya kazi Ulaya, akarudi na ugonjwa wa kutaka nyumba inayopashwa joto kwa mafuta. Akaweka boila ya dizeli nyuma ya jiko, akafukia tangi la chuma uani, akapitisha mabomba ya maji moto hadi vyumba vyote. Kila chumba kilikuwa na radieta chini ya dirisha. Mimi nikiona radieta nafikiria gari, kwa hiyo ile sebule niliiona kama gereji yenye mapazia.

Dalali alikuwa mkweli, nampa haki yake. Alisema warithi wako tayari kupunguza bei ili mnunuzi ang'oe boila na tangi yeye mwenyewe, maana siku hizi watu wa Riyadh hutumia kiyoyozi kinachotoa joto, au hita ya umeme ya kusukuma kwa magurudumu. Abu Hattan akamgeukia Wesley. "Tutoe au tuache?"

Hapo ndipo Wesley alipopaswa kusema "tutoe," twende tukale. Badala yake akavua shati.

Alifungua mdomo wa moto, akapitisha kidole kwenye masizi, akayasugua kati ya vidole na kuyatazama kwenye mwanga. Akachungulia dohani kwa kioo. Akafunua kifuniko cha tangi uani, akatumbukiza ufito mrefu wa chuma, akaupaka chaki palipofikia mafuta, yaliyokuwa kama robo ya tangi. Akaomba turudi kesho yake. Tuliporudi akapima tena, mafuta yako palepale. "Halivuji," akasema. Akawasha. Mabomba yakagonga, radieta zikapiga mluzi wa hewa, na baada ya muda chuma kikaanza kupata joto chini ya viganja vyetu. Nje jua lilikuwa linachoma mpaka paka wamejificha chini ya magari.

Nilimtazama uso nikajua tumekwisha. Alikuwa ameshatoa simu, amempigia Elly kwa video, anamwonyesha mwali kupitia kile kidirisha kidogo cha kioo.

"Baba, hiyo ni ya kiwanda?" mtoto aliuliza.

"Ya nyumba tu. Watu watano, sita hivi."

"Moto yote hiyo ya watu sita?" Wakacheka wote wawili, huku mimi nikitokwa na jasho.

Nikamvuta pembeni. "Yakhe, umeulizwa nyumba, wewe wajibu boila. Sema itolewe."

"Twalib, wewe ni mtu wa pwani. Baridi unaijua ya friji. Hii town Desemba watu wanavaa koti ndani ya nyumba. Hii mashine ni mzima kabisa, ukiitoa ni dhambi."

Mzee naye ni mtu wa pwani, huvaa koti kiyoyozi cha gari kikiwashwa. Aliposikia habari ya baridi ya Riyadh alitingishika. "Itaongeza bei au itapunguza?"

"Itaongeza, baba," Wesley akasema, na wallahi alikuwa anaamini.

Nyumba ikanunuliwa na boila yake.

Kazi ya kawaida iliisha upesi: rangi, vigae, makabati ya jiko. Kilichotuchelewesha ni ile mashine. Kulikuwa na kipuri kidogo cha kupulizia mafuta, kidogo kuliko kizibo cha chupa ya soda, ambacho Wesley hakukiamini. Tulikizungukia maduka ya vipuri ya Sinaiya mpaka wauzaji wakawa wakituona wanasema "mafi, mafi" kabla hatujashuka kwenye gari. Alipokipata alikilaza kwenye kitambaa safi kama mtu aliyenunua dhahabu ya mahari. Radieta alizipaka rangi nyeupe moja moja. Uani akatandika vigae vipya kwa mikono yake, akaacha mfuniko wa tangi katikati. Kisha akaita lori la dizeli. Lilikwaruza ukuta wa jirani likiingia kichochoroni, jirani akatoka, tukatukanwa. Tangi likajazwa pomoni, maana Wesley alitaka wateja waione mashine ikiwa na shibe.

Wakaanza kuja. Ilikuwa Novemba, na Novemba ya Riyadh ni hali ya hewa ya kukaa nje na kunywa kahawa. Hakuna anayewaza baridi. Wesley alikuwa anawasha boila tangu asubuhi, ili mteja akifika akute nyumba ina joto. Kweli walilikuta. Mabwana walikuwa wakifika ngazi ya pili wanaanza kujipepea kwa ncha za shemagi, vile vitambaa vyao vya kichwani.

"Usiwashe," nilimwambia. "Wauzie jiko, wauzie ua. Boila wataiona baada ya kuhamia."

"Nitawaficha kitu nzuri kwa nini?"

Mwanamume yule alikuwa anakimbizana na tarehe ya jando la mwanawe, na kila mteja aliyeingia alimshika mkono, akampeleka nyuma ya jiko na kumtoa na hofu. Mmoja aliuliza lori la dizeli litapita wapi. Mwingine aliuliza nani ataisafisha hiyo kitu Wesley akiondoka, Wesley akacheka akafikiri ni utani. Bibi mmoja, mke wa mwalimu, aliipenda nyumba waziwazi; alifungua kabati zote za jiko na kuzifunga polepole. Lakini alipofika uani alisimama.

"Kuna harufu ya dizeli hapa," akasema.

"Hapana, madam. Hakuna."

"Ipo."

Walipoondoka nami nikasema ipo, maana nilikuwa naisikia tangu wiki iliyopita. Wesley akanijibu kwamba ni pikapu langu na viatu vyangu. Pua yake ilikuwa imeshakufa kwa mafuta tangu Kericho, lakini mtu huyo utamwambia nini. Siku hiyo niligombana naye kwa sauti mpaka jirani yule wa ukuta akachungulia. Nilimwambia anajifunga kamba mwenyewe. Akaenda kuwasha boila.

Mkewe, Rispah, akapiga simu Ijumaa nikiwa nimetoka msikitini. Simu ilikuwa imewekwa sauti kubwa kwa sababu mikono ya Wesley ilikuwa na saruji.

"Walezi wamesema wiki ya kwanza shule ikifungwa. Hawangoji mtu."

"Nitakuja."

"Samuel ameuliza kama ajitayarishe." Samuel ni mdogo wake Wesley. "Mtoto hawezi kukabidhiwa na mama, unajua."

"Mwambie Samuel atulie. Nitakuja, Rispah."

Simu ilipokatika alishika mwiko, akarudi kwenye saruji yake.

Abu Hattan alikuja mwenyewe siku chache baadaye, amechoka kungoja. Alizunguka nyumba yote akifurahi, mpaka akafika uani. Akavuta pumzi, akanitazama mimi, akamtazama Wesley.

"Halas, basi. Toa boila, toa tangi."

"Baba, inafanya kazi vizuri."

"Najua inafanya kazi. Nani ameinunua?"

Mzee si mtu mbaya, ana haraka tu. Alimpigia dalali palepale. Dalali akasema mwalimu na mkewe bado wanaitaka nyumba, tangi likitoka na harufu ikaisha. Mzee akala kiapo mbele yetu: siku atakayotia sahihi na mwalimu, siku hiyohiyo anafungua programu ya simu na kutoa ruhusa ya Wesley ya kutoka na kurudi. Tukakadiria. Alikuwa anawahi, kwa kubana, lakini anawahi.

Boila aliikata mwenyewe. Nilijitolea kuita watu wa vyuma chakavu, akakataa. Alifunga kitambaa puani, akashika mashine ya kukatia, na cheche zikaruka ndani ya kile chumba siku nzima. Alipotoka na ule mlango wenye kidirisha cha kioo aliuegemeza ukutani taratibu, upande wa kioo juu. Mimi nilikuwa nimefurahi. Nilisema moyoni, sasa mtu huyu anakwenda kwao, na mimi nitarudi Bani Malik nilale.

Lori la kunyonya likaja likamaliza dizeli yote. Wesley akavunja vigae vyake vipya. Winchi ikalivuta tangi, likatoka na udongo wake, likaning'inia. Sote tuliona kwa wakati mmoja. Kwenye mshono wa kati, nusu ya urefu wa tangi, kulikuwa na ufa mwembamba unaong'aa. Na shimoni, chini yake, udongo ulikuwa mweusi, umelowa, unanuka mpaka macho yanawasha.

Wesley alikaa kwenye ukingo wa shimo. Nilidhani ana hasira, kumbe anafikiri.

"Nilipima ikiwa robo," akasema. "Ufa iko juu ya robo. Mafuta ilikuwa haijafika hapo." Akapangusa mikono kwenye suruali. "Kule kiwandani tangi inasimama nje juu ya miguu yake. Ikilia unaona. Sijawahi kupima tangi yenye siioni tumbo."

Kisha likamjia lile lingine, nililiona linavyomfikia. Yeye ndiye aliyelijaza. Kama angeliacha na robo yake, lisingevuja tone. Ile harufu iliyomfukuza mke wa mwalimu aliinunua yeye, akaita lori, akagombana na jirani ili iingie.

Nilikasirika mno. Sijui nilimkasirikia yeye, au marehemu mwenye nyumba na Ulaya yake, au mzee wangu anayemuuliza mtu wa boila kama boila ni nzuri. Nililipiga teke tangi nikaumia kidole. Wesley hata hakucheka.

Abu Hattan, kwa simu, hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema mwalimu ameshaambiwa. Udongo wote mweusi utolewe mpaka ufike mwekundu, uletwe mwingine, ushindiliwe, vigae virudi. Ndipo sahihi. Ndipo ruhusa. Wesley alimwomba aende kwanza, arudi amalizie. Akamwomba mara ya pili, na sijawahi kumsikia akirudia ombi. Mzee akasema ukienda, nani atachimba? Kisha akasema yalla, haya kazini, na simu ikakatika.

Tulichimba. Yaani yeye alichimba, akiwa na vibarua wawili aliowaokota sokoni, mimi nikisomba udongo kwa pikapu hadi jalala tulilopangiwa nje ya mji. Kila tukidhani weusi umekwisha, koleo likishuka linatoka tena jeusi. Asubuhi kulikuwa na baridi sasa, baridi ya kweli, pumzi zinaonekana. Ndani ya nyumba radieta nyeupe zilikuwa bado chini ya madirisha, hazijaunganishwa na kitu.

Siku yenyewe ya jando nilikuwa nimerudi kutoka jalalani nikasikia simu ya Wesley inalia juu ya marundo ya vigae. Wesley alikuwa ndani ya shimo, kichwa tu kinaonekana, mikono myeusi hadi viwiko. Nikaipokea nikaona uso wa Elly, amenyolewa, amevaa shuka. Nyuma yake watu walikuwa wakiimba. Nikapiga magoti nikamshikia Wesley simu mbele ya uso.

"Baba, wamekuja," Elly alisema. "Mama amesema niongee na wewe kwanza."

Wesley aliongea naye kwa lugha yao. Sikuelewa maneno, lakini aliyasema polepole, akitazama kioo cha simu huku mkono mmoja kama unatafuta kitu cha kushika. Ilikuwa baraka, bila shaka. Mtoto aliinamisha kichwa. Kisha wakarudi kwenye Kiswahili, kama walivyozoea kwenye simu.

"Baba, uko kwa ile nyumba ya moto?"

"Niko hapo."

"Niwashie nione. Kule tunaenda ni baridi."

Wesley alitazama upande wa jiko. Ule mlango wenye kioo ulikuwa bado umeegemea ukuta, vumbi la vigae juu yake.

"Imezimwa leo," akasema.

"Haya." Mtoto akageuka nyuma, kuna aliyemwita. "Baba mdogo ananishika mkono. Ni lazima niende."

"Nenda. Nenda mwanangu."

Simu ikabaki inaonyesha miguu ya watu na nyasi, kisha ikakatika. Niliendelea kuishikilia pale muda, kwa sababu yeye alikuwa bado anaitazama. Halafu akaniambia niiweke mbali isije ikashika mafuta, akainama akashika koleo.

Nikavua shati langu safi nikaingia shimoni. Mimi nimeajiriwa udereva, na tangu nifike nchi hii nilikuwa sijawahi kushika koleo la mtu.